Tanzia Isiyofutika

Jumanne, 5 Agosti 2025

Imewaka! Wiki tatu za kubishana na lile boksi la kompyuta lililotupwa na shule, na leo saa tano asubuhi — imewaka. Seva ya makundi ya habari, yaani kompyuta ya kutunza na kusambaza ujumbe, teknolojia iliyokuwepo kabla sijazaliwa, iko chini ya meza ya fotokopi hapa steshenari kwangu. Feni yake inalia kama mashine ya kusaga. Sijali.

Nimefungua makundi manne: matangazo, kilimo, mapishi, utani. Ujumbe wa kwanza nimeuandika mwenyewe: "Kuna mtu?" Nikajijibu: "Nipo."

Nisijidanganye, haya yote yametokana na hasira. Admin wa grupu la WhatsApp la mtaa alinitoa mara ya tatu, eti nimesema pilau ya harusi ya mwanawe ilikuwa na mchanga. Ilikuwa nao! Huku kwangu hakuna admin wa kumtoa mtu. Kila seva inabaki na nakala yake ya kila kitu, na kilichoandikwa kimeandikwa. Safi kabisa.

Abdulwahab kaja kuchungulia. Ni binamu yangu, mtoto wa shangazi Nusaiba, anauza spea za pikipiki duka la pili kutoka hapa. Kasema wenzangu wanakwenda mbele, mimi narudi kinyumenyume, eti "mke wangu, una matatizo." Nikamwambia, "Mume wangu, wewe hata nyuma hujawahi kwenda." Ndivyo tunavyotaniana tangu utotoni, mke na mume. Mabinamu tena.

Alhamisi, 7 Agosti

Kijiji cha Kipatimu wameungwa! Mwalimu Andrea wa kule, ili apate mtandao, lazima asimame juu ya ukuta wa tenki la maji na simu mkononi. Sasa hana haja. Seva yangu inafunga ujumbe wote wa siku kwenye flashi, Imani wa bodaboda anaiweka mfukoni, anaipeleka Kipatimu, anarudi na ya kwao. Mtandao unaopita kwenye makorongo! Imani anasema afadhali flashi kuliko abiria, haimshiki kiuno.

Kwa wasio na kompyuta Mwalimu Andrea anachapa ujumbe na kuubandika ubaoni pale sokoni.

Na kwa upande wa pili nimejenga daraja. Makundi yangu yanaonekana kwenye ule mtandao wa jamii usio na mwenyewe, ambao kila seva ni nyumba inayojitegemea na nyumba zinapeana habari. Kwa hiyo mtu wa kijiji cha Kilangala mwenye simu anasoma, mtu wa Norwei anasoma. Mtu wa Norwei ameuliza ufuta ni nini. Nimemjibu kwa heshima zote.

Jumapili, 10 Agosti

Abdulwahab kaja. Kanzu, kofia, marashi. Nikamwuliza nani kafa. Hakucheka. Kaniita Mwahija. Mwahija! Sikumbuki lini mara ya mwisho alinitaja jina.

Alitaka nimchapie barua ya posa. Kwa Mzee Yahya, Kilangala. Shangazi ndiye aliyemtafutia binti, anasifiwa sana, eti anajua kushona. Wajumbe wanaondoka Jumamosi. Ufuta umeshauzwa, kila mtu anaoa msimu huu, nimeshachapa barua kumi na moja. Hii ya kumi na mbili nimeichapa vizuri kuliko zote. Nimeweka na maua pembeni. Maua ya nini, mimi!

Inaniuma. Tangu nimeachika mwaka wa sita huu sijawahi kusema mwanamume fulani ananiuma. Na kati ya wote, huyu! Anayekula maandazi yangu bila kuomba. Inaniuma sana.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimeandika tanzia. Kundi la utani, mahali pake kabisa:

"Kwa masikitiko na kicheko kidogo natangaza kifo cha Abdulwahab bin Salum, muuza spea, kilichotokea jana akiwa amevaa kanzu. Chanzo ni uroho wa maandazi. Ameacha duka moja, kelele nyingi, na mjane mmoja, ambaye ndiye mimi."

Nimejisikia nafuu. Imani kachukua flashi saa kumi.

Jumatano, 13 Agosti

Rambirambi mia mbili na tisa!

Zimekuja kwa daraja. Mtu wa Norwei kaandika kwa Kiswahili cha mashine: "Hata kwetu vyakula vya sukari vimeondoa wanaume wengi. Simama imara, mjane." Mjerumani anauliza kama serikali inanihudumia. Mama mmoja wa Brazili anaomba kujua maandazi hayo yanapikwaje, ila asiyapike.

Nimetuma ujumbe wa kufuta. Kumbe ujumbe wa kufuta ni ombi tu! Seva ikitaka inafuta, isipotaka inaacha. Zamani watu walikuwa wakifutiana maneno kwa chuki, basi mashine nyingi zimeweka pamba masikioni. Na wiki iliyopita nilijisifu kwa jambo hilihili, liko juu hapo kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Nimemwonyesha Abdulwahab. Kacheka mpaka kashika ukuta. Kaniita mjane wake. Kisha kachukua maandazi mawili.

Ijumaa, 15 Agosti

Sijui nianzie wapi. Fuso!

Baada ya swala ya Ijumaa lori la Fuso limesimama mbele ya steshenari. Watu thelathini na moja kutoka Kipatimu, magunia mawili ya unga, mbuzi, na sanda mpya iliyokunjwa. Mwalimu Andrea alichapa tanzia yangu kwenye vipande vya karatasi vilivyobaki, na mstari wa juu wenye neno "utani" haukupata nafasi. Mwadhini akaiona ubaoni jana, akadhani ni mpya. Akaisoma kwa kipaza sauti! Na Abdulwahab anawauzia spea kule tangu zamani, wanampenda.

Mwalimu Andrea mwenyewe kaja na tai nyeusi.

Wanawake hawakutafuta marehemu, walinitafuta mimi. Mjane! Mkeka ukatandikwa katikati ya steshenari, nikafunikwa shuka, nikaanza kufundishwa eda: miezi minne na siku kumi, nisijipake manukato, nisitoke ovyo. Nikasema jamani yuko hai. Bibi mmoja mfupi mwenye mkono mzito akanikandamiza bega: "Pole mwanangu. Siku ya kwanza wote tunasema hivyo."

Na nililia. Kweli nililia, chini ya shuka, kwa sauti. Mtu mwenyewe yuko duka la pili anafunga cheni ya pikipiki, na mimi namlilia. Walidhani nalia kifo. Nalilia ile posa ya Kilangala.

Basi akatokea, mikono imejaa grisi, kuuliza kelele za nini. Mayowe! Dereva wa Fuso alikimbia mpaka stendi kwa miguu. Yule bibi mfupi alivua kandambili akampiga nayo mara mbili ili ahakikishe, na ya tatu, kasema, ya nauli.

Wakakataa kuondoka. Mbuzi akishaletwa msibani harudi nyumbani, ndivyo walivyosema, marehemu akitaka kuwa hai hilo ni lake. Tumepika. Marehemu kala sahani tatu.

Shangazi Nusaiba alikuja jioni. Nikamwamkia shikamoo. Marahaba yake ilikuwa fupi sana, akaniangalia macho yalivyovimba, akaondoka.

Jumamosi, 16 Agosti

Wajumbe hawajaondoka.

Mzee Yahya alipiga simu alfajiri. Kilangala nzima wameisoma kwenye simu. Kasema bwana harusi aliyekufa akafufuka anaweza kumvumilia. Mwenye mke, hapana, binti yake haendi kwa uke wenza. Anataka iandikwe palepale ilipoandikwa, wasome walewale waliosoma: Abdulwahab yu hai na hana mke. Kabla ya adhuhuri. Akiiona, wajumbe waje. Asipoiona, tusimsumbue tena.

Haki yake. Hata mimi ningesema hivyo.

Shangazi kaja mwenyewe. Hakukaa. Kasema wewe ndiye uliyeandika, na leo utaandika tena, kisha kaenda kupika chakula cha wajumbe.

Sasa ni saa tano na nusu. Abdulwahab amekaa nyuma yangu kwenye kiti cha wateja. Imani yuko nje na pikipiki inaunguruma, anasubiri flashi, maana waliobaki Kipatimu nao lazima wajue, sanda irudi kabatini.

Nimeandika: "Abdulwahab bin Salum yu hai." Rahisi. Vidole vimekwenda vyenyewe.

Nimeandika: "Hana."

Nimekwama hapo. Nikajifanya natafuta kalamu, ndiyo maana naandika kwenye daftari hili, nimelificha nyuma ya katoni la karatasi. Nimemwambia bila kugeuka: ujue hii haifutiki. Itakaa Norwei, itakaa Kipatimu, itakuwepo hata tukifa kweli.

Kasema anajua. Ndiyo maana anasoma taratibu.

Kasogeza kiti.

Kisha kauliza, pale nilipoandika mjane, nilikuwa natania? Nikasema mabinamu tunataniana, ndiyo desturi. Kasema hakuuliza habari za mabinamu. Kaniuliza mimi.

Nimeinamia daftari. Nataka kusema hapana, sikuwa natania, na shangazi anapika, na kuna binti wa watu Kilangala hana kosa lolote, na saa sita inakaribia —

Ameinuka. Ametoka nje. Namsikia anamwambia Imani azime pikipiki, hakuna tangazo la kupeleka.