Mkoba Unaosimama Wenyewe

Ruring'u, Jumamosi, mwezi wa Januari

Asubuhi ya leo baridi ilikuwa ya kuuma vidole, na mlima ulionekana wote hadi kileleni, bila wingu hata moja. Kufikia saa nne jua lilikuwa limekwisha kukausha umande. Sasa nyumba ni kimya. Binti yangu Nyambura ameondoka kwenda chuo cha ualimu, na mkononi amebeba mkoba nilioufuma mimi.

Ninaliandika jambo hili waziwazi kwa sababu hadi leo halikuwa limeandikwa popote wala kusemwa mbele za watu.

Kazi yangu ni kuwaandikia wenzangu barua na maombi. Nina meza katika baraza ya duka moja, karibu na ofisi za serikali, na wanaonijia ni watu wenye mashauri ya mipaka ya mashamba, karo za watoto na vyeti vilivyopotea. Sikusoma kupita darasa la nne. Lugha niliyo nayo niliipata kitandani, katika wodi ya wagonjwa wa kifua, nilikolazwa miezi kumi na minne pamoja na kamusi iliyong'oka kurasa za mwisho. Huko huko ndiko nilikopata pia kulabu ya kufumia uzi. Muuguzi mmoja mwenye subira kubwa alitufundisha kufuma ili mikono isikae bure na moyo usidhoofike. Wanaume wanane, kila mmoja na uzi wake, tulifuma vitambaa vya mviringo vya kuwekea vikombe. Siku za kuruhusiwa zilipofika, kila mmoja aliacha kulabu yake juu ya mto, kana kwamba tulikuwa tumepatana.

Mimi niliificha yangu ndani ya soksi.

Marehemu mke wangu alijua. Kwa miaka mingi vitambaa vilivyofunika viti vyetu vilisifiwa na kila mgeni, naye alizipokea sifa hizo kwa upole, kisha alinitazama, nami niliangalia chai yangu. Ilikuwa siri yetu, na nakiri kwamba ilinifurahisha. Lakini tangu alipofariki, miaka minne iliyopita, hakukuwa na mtu wa kuzipokea sifa hizo kwa niaba yangu, kwa hiyo nikaacha kufuma.

Mwezi wa Agosti uliopita Nyambura alirudi kutoka kwenye mahojiano ya chuo. Nilimwuliza ameona nini huko. Hakunieleza habari za majengo wala za walimu wakuu. Aliniambia habari za mkoba.

"Baba, mkoba wa mwalimu haulali mezani kama mlevi," alisema. "Unauweka, unasimama. Hata ukiwa hauna kitu."

Hakuuomba. Mtoto huyu haombi. Lakini mimi naishi kwa kusoma maombi ya watu ambayo wao wenyewe hawajajua kwamba wanaomba, na hilo nililisoma.

Kwa desturi yetu, msichana anapoondoka nyumbani hupewa kiondo, kikapu cha kusukwa, na kiondo ni kazi ya mama. Mwanamume hasuki kiondo. Sikutaka kuivunja desturi hiyo, nami sikuivunja. Nilijipa hoja ifuatayo: kiondo husukwa kwa vidole, mkoba wa uzi hufumwa kwa kulabu, wazee walipoweka katazo lao kulabu haikuwapo, kwa hiyo katazo hilo halinihusu. Hoja ilikuwa imara. Hata hivyo nilifunga mlango kwa komeo kabla ya kuanza.

Mkoba wa kwanza niliuanza kwa mviringo, kwa kuwa wodini hatukufundishwa umbo lingine. Ulipanda vizuri, ukafika kimo cha shubiri moja na nusu, nami nikauweka mezani. Uliinama upande mmoja taratibu, ukakaa chini kama mtu aliyepokea habari mbaya.

Nikaufumua.

Wa pili niliufuma kwa uzi mnene zaidi, kisha nikafanya kosa ambalo nadhani lisingefanywa na mtu wa mahali pengine. Wanawake wa huku, wakitaka kitambaa cha meza kisimame kingo zake kama ua, hukichovya katika maji mazito ya sukari na kukianika. Nilikuwa nimemwona mke wangu akifanya hivyo mara nyingi. Nikauchovya mkoba mzima, nikauvalisha juu ya debe la mafuta ya kupikia ili upate pembe, nikauanika. Ulikauka kama ubao. Nilipougonga kwa kidole ulitoa sauti, na kwa siku mbili nilijiona fundi.

Siku ya tatu sisimizi waliujia kwa mistari miwili, mmoja kutoka dirishani na mwingine kutoka chini ya mlango. Niliwafagia. Kisha mvua ya Novemba ilianza, hewa ya nyumba ikawa na unyevu, sukari ikalainika, na mkoba ukawa unanata, umelegea, na una harufu ya peremende. Niliufua mara tatu. Kuku wa jirani waliyanywa maji yake.

Hapo nilitambua kosa langu. Nilitaka kuvipa vitu visivyo na mifupa ugumu wa ngozi tu. Sharti mkoba uwe na mifupa.

Mifupa niliyokuwa nayo karibu ilikuwa mikonge ya ua wangu. Nilikata majani, nikayaparuza kwa panga, nikapata nyuzi nyeupe nzuri. Lakini nyuzi za mkonge hazina nguvu mpaka zisokotwe, na wanawake huzisokota juu ya paja lililo wazi, kwa kiganja, kwenda na kurudi. Nilikunja suruali nikajaribu. Paja la mwanamume lina nywele. Sitaandika zaidi ya hapo, isipokuwa kwamba nilivaa suruali ndefu hata siku za joto kwa wiki nzima, na kamba niliyoipata haikufika urefu wa mkono.

Basi nikafanya jambo ambalo nalikiri hapa kwa mara ya kwanza. Nilimwandikia shemeji yangu Wairimu, dada wa marehemu mke wangu, anayeishi Endarasha, nikimwomba kamba nyembamba ya mkonge, iliyosokotwa kwa kukaza, "kwa ajili ya kufungia faili za ofisi." Mimi, ambaye huwaonya watu kila siku kwamba ombi lenye uongo hurudi kumwuma mwombaji. Alinitumia mzingo mkubwa wa kamba, na salamu.

Mkoba wa tatu ulianza kwa mstari ulionyooka, si kwa mviringo. Nilifuma upande mmoja wa mstari, nikazunguka pembeni, nikarudi upande wa pili, hadi nikapata kitako chenye pembe nne. Nilikipima kwa karatasi ya kuandikia maombi: lazima iingie bila kukunjwa. Kila fundo nililifunga juu ya ile kamba, nikiificha ndani ya uzi, ili isionekane lakini ishike. Kuta zilipoanza kupanda zilipanda wima. Nikazitia mafundo ya kuvimba, safu kwa safu, kila moja limekaa katikati ya mengine mawili, kama punje katika gunzi la mahindi lililojaa. Mkono ukipita juu yake unahisi kila punje. Rangi ni ya kahawia iliyokolea, kwa sababu chaki na vumbi havionekani sana juu yake. Ndani nilishonea kitambaa kilichotoka katika bitana ya koti langu la Jumapili, nalo koti sasa huvaliwa likiwa halina bitana, jambo ambalo halijatambuliwa na mtu.

Niliukamilisha Jumatano iliyopita. Niliuweka mezani ukiwa mtupu, nikaondoka, nikaenda kuchota maji, nikarudi.

Ulikuwa umesimama.

Jana Wairimu aliwasili kutoka Endarasha akiwa na kiondo cha Nyambura, kizuri sana, kimejaa maharagwe meusi ya njahi na viazi vitamu. Nyambura alikuwa ameenda kuwaaga marafiki. Mimi nilikuwa nimeuweka mkoba mezani na kuufunika kwa taulo, nikisubiri saa ya kufaa, na nilikuwa nimetayarisha hotuba fupi yenye vipengele vitatu.

"Ni nini umefunika hapo kama mgonjwa?" Wairimu aliuliza, na kabla sijafikia kipengele cha kwanza alikuwa amelivuta taulo.

Aliushika mkoba kwa mikono miwili, akausukuma ubavuni, nao ukarudi ulipokuwa. Akautia mkono ndani, akabonyeza kitako kwa kidole gumba, akakaza macho kwenye pembe ambapo ncha ya kamba ilikuwa imejificha.

"Hii kamba ni yangu."

"Ni yako," nikasema.

"Hii ni mkono yangu. Naijua hata kwa giza." Alinitazama. "Uliniambia ni ya kufunga faili."

"Nilikuambia hivyo."

"Na sasa faili imeota masikio?" Aliyavuta mashikio mawili ya mkoba. "Ati wewe, Baba Nyambura, ndiye unaandikia watu barua waseme ukweli. Nani amefuma?"

Nilimwambia. Nilimweleza pia hoja yangu kuhusu kulabu na katazo la wazee, kwa ukamilifu. Alinisikiliza hadi mwisho, nami nilifikiri imemwingia.

"Umemaliza?" akauliza. "Haya. Wewe fuma unachotaka, hapo siwezi kukukataza. Lakini mtoto hatoki kwao na kitu amepewa na mkono ya mwanamume, na mama yake hayuko. Nitampea mimi. Na watu wakiuliza, ni ya kwetu Endarasha. Unataka aende huko akichekwa ati baba yake anafuma?"

Hoja zangu zote zilikuwa zimejengwa kuhusu haki yangu ya kufuma. Hakuna hata moja iliyohusu iwapo binti yangu angechekwa kwa ajili yangu. Nilikubali. Nakiri pia kwamba nilipokubali nilihisi nafuu, na ile nafuu ilinikera usiku kucha.

Leo asubuhi, kwa hiyo, Wairimu ndiye aliyempa mkoba, mbele ya majirani waliokuja kusali nasi mlangoni. Nyambura aliupokea kwa mikono miwili. Aliuweka juu ya kigoda, akauachia, akautazama ukisimama. Kisha akapitisha vidole juu ya zile punje, polepole, safu nzima. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya wote, karibu na ua, nikiangalia viatu vyangu.

"Uuu, hii imetoka Nairobi?" aliuliza Mama Gathoni, jirani yetu wa nyumba ya juu, mwanamke ambaye habari zikimfikia saa tatu, saa nne ziko sokoni.

"Imetoka kwetu," Wairimu alijibu. "Endarasha."

Mama Gathoni aliupindua mkoba, akachungulia ndani. "Endarasha wamejua hii lini?"

Wanawake walicheka. Wairimu naye alicheka. Jambo lilikuwa limekwisha, na lilikuwa limekwisha vizuri. Kila mtu alikuwa na heshima yake.

"Kamba ni ya tata Wairimu," Nyambura akasema. "Mkoba amefuma baba."

Hakuipaza sauti. Alisema kama mtu anayetaja jina la mto wao.

Sijui alijua tangu lini. Pengine tangu utotoni, kwa kuwa komeo huzuia mlango lakini halizuii tundu. Watu wote walinigeukia. Nimewahi kusimama mbele ya mkuu wa wilaya nikiwa na karatasi yenye sahihi mia moja, na sikurudi nyuma hata hatua moja. Leo nilirudi nyuma hadi mgongo ukagusa ua.

"Baba Nyambura?" Mama Gathoni alisema. "Huyu wa barua?"

"Ndiye," alisema Nyambura.

"Na kupika? Nani anapika?"

"Mimi," nikasema.

Safari hii walicheka kwa sauti, nami nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko hicho kwa muda wa miaka kumi na mitano, tangu nilipotoka wodini. Lakini nilipoinua macho nikaona kwamba walikuwa wakicheka huku wakiupokezana mkoba. Kila mmoja aliubonyeza, akautua, akausukuma, akaona umerudi. Mwanamke mmoja mzee alizihesabu punje za safu moja, kisha za safu ya pili, akitafuta kosa. Hakulipata. Alinitazama, akampa mwenziwe mkoba. Wairimu alikuwa ameshika kiuno, nilidhani amekasirika. Alipopita karibu nami aliniambia kwa sauti ndogo, "Mimi nilitaka kumfunika mtoto. Yeye hataki kufunikwa." Kisha akaenda kukifunga kiondo.

Nyambura aliondoka na kiondo mgongoni na mkoba mkononi. Tulimsindikiza hadi barabarani. Kabla ya kupanda basi aliingiza ndani ya mkoba ile barua yake ya kuitwa chuoni, na niliona ikiingia bila kukunjwa.

Sasa ni alasiri, nami nimekaa peke yangu na chai. Nimeandika maombi ya kurasa sita, yenye viambatisho, kwa ajili ya watu walionyimwa kilicho chao, na kila mara niliwahimiza watie jina lao chini bila woga. Jina langu mwenyewe sikulitia chini ya kitu chochote nilichokifuma. Binti yangu amelitia, kwa maneno matatu, mbele ya Mama Gathoni, na hiyo ni sawa na kulibandika ukutani mwa soko.

Ninajivuna. Nimelitafuta neno lenye adabu zaidi sikulipata.

Jumatatu nitakwenda mezani kwangu kama kawaida. Kati ya mteja mmoja na mwingine kuna nafasi ndefu, ambazo siku zote nimezijaza kwa kunoa penseli zilizokwisha kuchongoka. Nitabeba kulabu na uzi. Sijui iwapo nitaweza kuvitoa mfukoni huku watu wanapita. Lakini nitavibeba, na meza yangu iko barazani, mahali penye mwanga wa kutosha.