Jina Lililotoka Kwenye Ubao

Kimuli, Jumatatu

Uwingabire wangu,

Huku hatujambo. Mama anakusalimu, na migomba uliyopanda imeanza kuzaa. Najua huko ng'ambo ya mpaka kwa shangazi yako unasubiri habari za kwaya.

Majalada ya CD zetu tunayatengeneza kwa mikono. Karatasi nyeupe ya dukani ilitushinda, maana wino haukukauka na kila aliyeishika aliondoka na vidole vyeusi. Karatasi ya nyuzi za migomba aliyotengeneza dada yangu Kokushubira inanywa wino vizuri, ila herufi ndogo zinapotea. Kwa hiyo nilichonga ubao wa kuchapia, majina yetu kumi na mawili kwa herufi kubwa. Lako nililiweka juu kabisa, maana wewe ndiye unayeanzisha nyimbo zote.

Jumamosi Mzee Kaijage, mwenyekiti wetu wa kwaya, aliuangalia ule ubao. "Cleophace, mchumba wako alirudishwa kwao kwa kukosa kitambulisho. Litoe jina lake, tusije tukaulizwa."

"Mzee, kwao ni hapahapa Kimuli."

"Litoe."

Nilibishana naye mpaka chai ikapoa, kisha nikashika patasi. Hakuna aliyenishika mkono. Nililitoa mwenyewe, na ubao ukishachongwa haurudi.

Sasa kila jalada lina pengo pale juu. Jana baada ya ibada walipiga wimbo wa kwanza wa CD kwenye spika, mama mmoja mgeni akaniuliza, "Huyu anayeanzisha ni nani?" Mzee Kaijage alikuwa karibu.

Nikasema simjui.

Nimeshindwa kuandika "wako" hapa chini.

Cleophace