Koma ya Mama Yako, Ng'ambo ya Sabaki

Hawe,

Mama yako ana koma. Naanza na hilo, bibi yangu, maana najua usingepokea salamu yangu kabla ya kulisikia.

Kijiti chake cha kuchongwa, cha kumwitia, kimesimama ng'ambo ya mto Sabaki, upande ule mlikofukuzwa nyumba zikiwaka. Ardhi sasa ni yetu tena, na hati ina jina la ukoo.

Kila uliponisimulia, ulianza na kibuyu. Watu walikwenda kuimba na kukataa vijana wao wasichukuliwe kubeba mizigo ya vita vya Wazungu. "Hatukubeba upinde wala panga," ulisema. "Mama alibeba kibuyu cha maji, maana kuimba kunakausha koo." Kisha bunduki. Ulishika hando lake, sketi ile ya marinda, hadi mtu akakubandua, wewe mtoto mdogo, naye mama hakuinuka tena.

Maisha yako yote ulikataa asichongewe koma. Kisumu Ndogo tulikaa kwenye kiwanja cha watu, Tezo kwenye shamba la watu. Wazee walikuja kukusihi, ukawajibu kwa sauti ile yako: "Koma ikishasimikwa haihami. Nikiisimika hapa, tukifukuzwa nitakuwa nimemwacha mama mara mbili." Ukafa bila kuiona.

Mwaka huu watu wa serikali, wa kamati ya kumbukumbu ya waliouawa siku ile, walikuja. Wamejenga mnara Malindi mjini, wakaomba koma isimikwe hapo, baadaye iingizwe kwenye kabati la kioo. Mwenyekiti wao, kijana mwenye adabu, aliniambia, "Shikamoo mzee. Mjini ataonekana na wengi."

"Marahaba, mwanangu," nikamjibu. "Huyu hakusubiri miaka yote hii atazamwe. Anasubiri aitwe. Na akisimama, amesimama."

Waliondoka bila kuniahidi kitu. Nilijiandaa tuisimike sisi wanaukoo tu, na mbuzi wetu.

Hawe, walikuja. Waliacha viti na jukwaa mjini, wakatufuata huku kwenye mihogo. Wazee wa kaya, akina mama wa kanisa, Waislamu wa Mambrui na kofia zao nyeupe. Bibi mmoja aliyechoka na jua alisema nyuma yangu, "Mzee huyu kaihamisha serikali kwa kijiti," wakacheka mpaka mwenyekiti naye akacheka.

Nikaifunga koma kitambaa. Nikamwaga tembo la mnazi. Nikaita: Mbeyu, uliyekuja na kibuyu, hapa ni kwako.

Wakaitikia. Wote. Jina ambalo nililisikia kwako tu, jikoni, ukipuliza moto... Nikaanza kuwataja na wengine walioanguka naye. Wazee wakanipokea, kila mmoja akaita wa kwao. Hakuna aliyewaita waasi. Mwenyekiti alipopewa nafasi alisema maneno machache: walikuja mikono mitupu, na hawakurudi nyuma. Nilisimama wima kama koma yenyewe.

Wewe bado uko Tezo, kaburi lako limo shambani mwa watu. Mahindi yakivunwa nitachonga yako niisimike ubavuni mwake, na wajukuu wangu nitawafundisha kuwaita nyote wawili. Hilo nimekuahidi.

Ulikuwa ukiniita mume wangu, ukinitania mbele ya wageni: "Mume gani huyu, vitabu usiku na mchana, kuni hakati?"

Mti wa koma hii, mhuhu mgumu, niliukata mwenyewe, kwa shoka. Mgongo unaniuma hadi leo.

Tulia sasa, mke wangu. Mama amefika nyumbani.

Mjukuu wako