Nilivyochagua Timu ya Misheni

Alhamisi, mwezi wa Rozari, 1954

Ukungu umeukalia mlima tangu asubuhi na manyunyu hayakatiki. Nguo nilizovaa jana kaburini bado mbichi. Nimewaruhusu watoto wa shule mapema, nikasingizia mvua.

Jana tumemzika Kosmas, mtoto wa dada yangu.

Naandika leo kabla sijaanza kujidanganya, maana kujidanganya nakuweza sana.

Kosmas alikuwa golikipa. Tangu utoto aliidakia timu yetu ya misheni, mpaka alipopata kazi kwenye mkonge kule chini, akahamia timu ya mjini. Wenzake karibu wote ni Waislamu. Padri alimuuliza tu kama Jumapili anasali, akajibiwa ndiyo, yakaisha. Mimi ndiye sikuyamaliza. Kwenye darasa la dini niliwaambia watoto kwamba Mkatoliki ana timu moja, na anayeshangilia nyingine ameshatoa mguu mmoja nje ya Kanisa. Hakuna katekisimu inayosema hivyo. Nililitunga mwenyewe fundisho hilo, tena nikajiona nimenena.

Kisha ikapangwa timu ya mjini ipande kucheza huku kwetu.

Jumamosi Kosmas alikuja nyumbani na maji kwenye kata. Kwetu Waluguru mtoto ni wa mjomba, na kijana haendi kwenye jambo zito kabla mjomba hajampulizia maji kifuani na kumtakia heri. Nilimfanyia alipokwenda mkonge, nikawafanyia ndugu zake walipooa. Siku hiyo nilikataa. Nilimwambia timu yake inaruka dawa kabla ya mchezo, na mimi sichanganyi baraka na uganga.

"Mjomba, ni mpira tu," alisema.

"Kama ni mpira tu, rudi timu ya misheni."

Aliyamwaga maji mgombani, akaniaga kwa adabu.

Jumapili tulishinda mbili kwa moja. Bao la pili, mshambuliaji wetu aliruka na Kosmas kugombea mpira wa juu, goti likamwingia Kosmas tumboni. Hakukusudia, niliona kwa macho yangu. Mpira ukaingia wavuni, nami nikarusha kofia juu. Kosmas aliinuka, akacheza mpaka filimbi ya mwisho, kisha akachuchumaa kwenye mlingoti wa goli ameshika tumbo. Nilimwona. Nikajiambia ni uchungu wa kufungwa, na utamfundisha. Kengele ya Rozari ikalia, na kwa kuwa mimi ndiye kiongozi wa sala, nikaenda.

Wenzake walifunga machela ya miti na mablanketi, wakamteremsha mpaka hospitali ya mjini. Alifariki Jumanne asubuhi. Daktari alisema damu ilivujia ndani.

Waliomwosha walimkuta na kamba kiunoni. Ilikuwa na hirizi, na kando yake medali ya Bikira Maria niliyompa siku ya Kipaimara. Kamba moja. Dada yangu aliniletea, akaiweka mezani, akaondoka. Angenitukana ningepata nafuu.

Jana wachezaji wa mjini walipanda mlima na mvua ile, wakashika majembe pamoja nasi. Baada ya maziko nahodha wao, Salumu, alinifuata.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Nilitaka ulijue hili, moyo wako utulie. Njia nzima Kosmas alikuwa akikuita. Kila akikuita tulimwambia, tulia, mjomba wako yuko kanisani anakuombea. Basi alikuwa akitulia."

Nilimshukuru. Nilimshika mkono kabisa, nikamshukuru.

Kanisani nilikuwepo kweli. Tulisali Matendo ya Utukufu. Kabla ya kuanza nilitangaza nia kwa sauti, watu wote wakasikia: tunamshukuru Mungu kwa ushindi wa timu yetu.

Kosmas sikumtaja.

Salumu sitamwambia. Waliyomwambia mgonjwa ndiyo faraja pekee aliyoipata, na sina haki ya kuwanyang'anya. Lakini dada yangu naye ameyasikia kwa Salumu, na leo mchana ameniletea ndizi za kuchoma, akaniambia, "Ahsante kwa kumwombea mwanangu."

Nimezila zote.

Kesho nitakwenda kwake kabla ya kengele nimwambie nilikuwa naomba nini. Nikishindwa, Rozari na aongoze mwingine.