Kengele Inayolia kwa Chumvi

Kasese, Alhamisi, mwezi wa nne 1958

Mvua imenyesha tangu alfajiri, na kengele yangu imelia tangu alfajiri. Treni hakuna. Stesheni haipo, njiani haipo. Kengele inalia tu, yenyewe, kama mwehu wa sokoni.

Nimechoka. Niandike hivyo kwanza kabla sijaanza kujifanya mtu mwenye subira.

Kesho Mkubwa wa ishara za reli anakuja kutoka Kampala kuitazama kengele hii. Akiipenda, itafungwa katika kila kivuko cha njia hii, na mimi, niliyetoka jeshini nikijua kutengeneza redio tu, nitaitwa mvumbuzi. Asipoipenda, narudi kubadilisha balbu za stesheni mpaka uzee. Kwa hiyo mvua ya leo nimeichukulia kama adui wangu binafsi.

Kifaa chenyewe si cha ajabu. Umeme kidogo wa betri unapita kwenye reli zote mbili. Magurudumu ya treni yakizikanyaga, umeme unapita humo badala ya kurudi kwenye sumaku, sumaku inaachia, kengele inalia na taa nyekundu inawaka pale barabara inapokata reli. Watu wengine walishafanya hayo zamani. Changu ni kwamba nimeongeza valvu ya redio, ile tuliyokuwa tukitumia jeshini, ili kifaa kisikie treni ikiwa bado mbali sana. Kinasikia kweli. Kinasikia kila kitu, na hiyo ndiyo shida yenyewe.

Kinasikia chumvi.

Wabeba chumvi wanatoka ziwa la Katwe, wanapita Muhokya, na wakifika kivukoni hapa lazima watue mizigo. Ni desturi yao. Ukivuka reli umeshafika Kasese, basi unatua kwanza, unapumua, unatafuna muhogo, ndipo unaingia sokoni. Na wanatua wapi? Katikati ya reli zangu. Chumvi ya ziwa ni mbichi, imefungwa kwa majani, inachuruzika. Yale maji yameingia kwenye kokoto, yameingia kwenye mbao zilizo chini ya reli, na mvua ikinyesha ardhi yote inapitisha umeme. Kifaa kinadhani treni imefika.

Asubuhi niliwaendea nimekasirika. Niliwaamrisha kwa Kiswahili cha jeshi, kile cha kufokea: Beba! Ondoka! Haraka! Kiongozi wao, Kambale, mtu wa Bwera mwenye mabega kama mlango, hakuinuka hata kidogo.

"Afande," akasema, "kule yote iko matope. Chumvi ikishika matope, ni mutu gani atanunua? Huku iko mawe safi."

Wenzake wakacheka. Nikawaita washenzi. Nikasema na maneno mengine ambayo sitayaandika, kwa sababu mke wangu Rebeka husoma daftari hili nisipokuwepo. Wakahamisha mizigo yao polepole, kwa makusudi, na kengele ikaendelea kulia vilevile. Chumvi ilishaingia ardhini kitambo. Nimeshamwaga mapipa na mapipa ya maji pale, nimebatiza ile reli kuliko padri, kazi bure.

Kisha akapita Haji Yusufu na lori lake la pamba. Kengele inalia, taa inawaka, yeye hata breki hakugusa. Akatoa kichwa dirishani akanipungia: "Fundi! Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji!" Haji ni rafiki yangu, hunipa chai kila Ijumaa akitoka msikitini. Nilicheka, lakini kwa meno tu.

Mchana nilipata akili, au niliyodhani ni akili. Nitafunika mbao kwa turubai. Nitapunguza nguvu ya valvu kidogo. Kesho nitamwomba askari wa stesheni awafukuze wabeba chumvi kwa siku moja tu, na Mkubwa atakuta kengele kavu, yenye adabu, inayolia kwa treni na kunyamaza kwa mengine. Akirudi Kampala, mvua inyeshe inavyotaka. Nilifurahia mpango huo mpaka nikapiga mluzi.

Alasiri nilikuwa kwenye sanduku la kifaa, lililo kando ya reli mbali na kivuko, bisibisi mkononi, nikamwona Rebeka akirudi kutoka sokoni. Mwanetu Daudi mgongoni, mwavuli umeinama mbele kuzuia mvua. Kengele inalia juu ya kichwa chake. Na nyuma ya maghala nikaona moshi.

Treni ya kweli.

Nilipiga kelele. Mvua juu ya mabati ya maghala ilimeza sauti yangu, ikameza na honi. Rebeka aliweka mguu kwenye reli ya kwanza bila hata kuinua mwavuli. Nilikimbia, lakini nilikuwa mbali, Mungu anajua nilikuwa mbali. Kambale, aliyekuwa bado pale kivukoni na mzigo begani, ndiye aliyeutupa relini, akamkamata kwa kitenge, akamvuta, wakaanguka wote watatu kwenye matope. Treni ikapita. Ikasaga chumvi yake yote.

Nilipofika, Daudi alikuwa analia, na hiyo ilikuwa sauti tamu kuliko zote nilizowahi kusikia. Nilimpapasa kichwa, mikono, miguu. Mzima. Halafu hofu ikanigeuka hasira, nikamfokea mama yake mbele za watu.

"Mama Daudi, hukusikia kengele?"

Alimpangusa Daudi matope usoni. Akanitazama bila ubishi wowote.

"Nimeisikia, Baba Daudi. Nilidhani ni chumvi."

Mke wangu. Anayejua kila waya wa kifaa kile, aliyenishikia taa nikiunga nyaya zake.

Kambale alikuwa anaokota mabonge yaliyobaki. Hakunikumbusha matusi ya asubuhi. Nilimwambia asante, nikaona neno lenyewe ni dogo, nikainama nikaokota naye. Akasema, "Acha, afande, peleka mutoto nyumbani." Niliwapeleka. Rebeka hakunilaumu njia nzima, na heri angenilaumu.

Nimefikiri sana tangu hapo. Kabla sijaifunga kengele hii, watu walikuwa wakifika kivukoni wanasimama, wanatega sikio, wanatazama huku na huku. Mimi ndiye niliyewafundisha kutosimama. Na kesho nilitaka kumwonyesha Mkubwa kifaa kikavu ili kisambazwe njia nzima, kikawafundishe na wengine.

Kabla jua halijazama nilirudi na koleo. Nilisimama pale kitambo, sitaki kudanganya, maana ile ni kazi ya mikono yangu na naipenda. Kisha nikakata waya wa kengele. Kengele ikanyamaza. Mama mmoja mwenye kikapu alifika kivukoni, akashangaa ule ukimya, akasimama. Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Ndipo akavuka.

Nitatafuta njia nyingine, inayohisi uzito wa gurudumu lenyewe bila kutegemea ardhi. Sijui itachukua muda gani, wala kama nitaachiwa niijaribu.

Kesho Mkubwa atauliza kwa nini kengele haifanyi kazi. Nitamwambia jana ilikuwa inafanya kazi, treni ilikuwa inakuja kweli, na mke wangu aliisikia kengele, akaingia relini.