Majivuno ya Mwezini

Jumanne, 3 Machi 2009
Leo nimemchapa Afande kisoro, bao letu la mbegu, mara tatu mfululizo. Kutoka Nakivale, kambi yetu hii ya wakimbizi, hadi Rugaaga hakuna mchezaji kama mimi.

Uongo. Mara moja tu, na mbegu mbili nilizificha chini ya paja. Aliziona. "Mzee, ile paja yako iko na mimba?" Nikajifanya kiziwi.

Mshindi husimama akajigamba kwa shairi, aliyeshindwa hukaa kimya. Ndivyo kwetu milimani Kivu, ndivyo na kwao Ankole. Yeye ni askari, hujigamba kwa vita na fahali. Mimi vita nilivikimbia na ng'ombe sina, kwa hiyo najigamba kwa miaka ijayo kana kwamba imeshapita. Huko hakuna shahidi.

Mimi niliyechunga ng'ombe mwezini,
wakala vumbi, wakatoa maziwa ya bluu!
Afande nilimkuta huko analinda boma tupu,
hana hata mtu wa kumpigia saluti!

Alicheka mpaka kofia ikaanguka.

Jumanne, 10 Machi
Hakuja. Jumanne ndiyo siku yake ya kumnunulia mkewe samaki hapa. Nimepanga mbegu, nimezipangua. Jirani akauliza nangoja nani. Nikasema namngoja Yesu. Hakucheka, mlokole yule.

Jumanne, 17 Machi
Hakuja tena. Nimecheza na shemasi. Akishinda anasema asante Mungu, anakaa. Mchezo gani huo?

Tangu mke wangu afe, ni Afande peke yake anayenitukana vizuri.

Ijumaa, 20 Machi
Nimemfuata Mbarara, juu ya lori la magunia ya maharagwe. Mgongo umekwisha. Langoni Makenke, kwenye kambi yao ya jeshi, askari akaniuliza shida yangu. Nikasema nimekuja kukagua jeshi. Nusura anipige. Mke wa Afande, Mama Junior, akaja kuniokoa.

"Mzee, wewe hapana jua? Walimupeleka Somalia. Ilikuwa haraka."

Nikaliona lile boma tupu. Nimemweka mimi huko, kwa domo langu. Nikamsomea mama shairi lote.

"Wewe mzee mujinga kabisa! Jeshi nasikiaka mashairi yako?" Akanimiminia chai. "Jana alipiga simu. Alisema, ambia ule mwizi asicheze na mutu ingine."

Sikumwambia mama kwamba nimecheza na shemasi. Chai nimeinywa ikiwa moto sana, ili machozi yapate sababu.

Jumanne, 31 Machi
Mvua. Hakuna anayepita.

Nimecheza peke yangu. Mkono wa kulia mimi, wa kushoto Afande. Sikuiba. Wa kushoto umeshinda. Nikakaa kimya kama inavyotakiwa, nikingoja majivuno. Hakuna aliyesimama.

Afande, umeshinda. Aliyeshindwa hadai kitu ila kutukanwa, na hiyo ni haki yangu. Sitaki marefu. Rudi, usimame hapa mlangoni, unipe mistari miwili tu.