Siku Baba Alipokunywa Juisi Yako ya Forosadi

Mama mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuona ukiitikia marahaba huku macho yako yako kwenye sufuria, maana hukuwahi kusalimiwa ukiwa umekaa bure. Mforosadi wako wa nyuma ya jiko umezaa msimu huu mpaka matawi yanagusa chini. Tangu asubuhi nakamua juisi, vidole vyangu vimekuwa zambarau hadi kwenye kucha, na wajukuu zako wamejipaka midomo kama wanakwenda harusini. Nimecheka peke yangu jikoni, nikasema hapana, leo lazima nimwandikie mama.

Unaikumbuka ile siku baba yangu alipokuja Kanazi kwa mara ya kwanza? Utaisahauje!

Baba yangu ni mlokole, tena wa wale wanaoomba mpaka jirani anaamka. Tangu nilipoolewa kutoka Biharamulo kuja kwenu, alikuwa hajakanyaga hapa. Mahari ilipokelewa na baba mdogo, na harusi aliiombea akiwa nyumbani kwake. Sababu ilikuwa wewe, mama. Kanazi nzima ilijua kwamba rubisi, hii pombe yetu ya ndizi, hakuna aliyeiweza kama wewe, na sifa zako zilimfikia hata yeye. "Vikombe vya nyumba ile vimelelewa na pombe," alisema. "Sitakunywa kwao hata maji." Na unajua mambo ya huku kwetu, mkwe akikataa kunywa kwako ameukataa na undugu. Nilipozaa mjukuu wa kwanza hakuja. Nilikuwa nalia njiani nikienda kuchota maji, na wewe ulijua, ila hukuwahi kuniaibisha kwa kuniuliza.

Siku alipokubali kuja kumwona mtoto, mimi nilishikwa na homa ya woga. Wewe ulijifunga kitenge kiunoni. "Mkwe hawezi kutoka kwangu mdomo mkavu," ukasema. "Atakunywa. Tutamtengenezea kitu ambacho hata malaika hawezi kukitilia shaka." Ukamtuma mwanao aende mjini Benaco akanunue ndoo mpya na glasi mpya, ambazo hazijawahi kukutana na rubisi.

Asubuhi yake tukachuma forosadi na malimau. Kisha ukapotea shambani, ukarudi na mzigo wa nyasi. Nikakuuliza za nini. "Za kukamulia," ukajibu, ukiniangalia kama mtu aliyepungukiwa akili. Maisha yako yote umekanda ndizi mbivu kwa nyasi mpaka maji yake yakatoka safi, basi kwako wewe tunda lolote lenye maji lazima lipitie kwenye nyasi. Nikasema kwa adabu kwamba limau linaminywa tu kwa mkono.

"Unanifundisha kukamua? Mimi?"

Ukayakatakata malimau na maganda yake na mbegu zake, ukayakanda na nyasi kwa nguvu zako zote, tena unaimba. Tulipoonja, Yesu na Maria! Chungu kama kwinini. Uso wako ulikunjamana wote, ukatema pembeni, ukasema taratibu, "Yewe, hii tumpelekee adui." Tulicheka mpaka tukakaa chini. Tungali tunajifuta machozi, simu ikalia. Baba ameshafika Nyakanazi, anabadilisha gari.

Sijawahi kukuona ukikimbia vile. Ulinisukumia malimau yaliyobaki ukasema, "Haya mwalimu, minya." Forosadi nyingine tulizichemsha kidogo na sukari na tangawizi mpaka zikalegea, nyingine tukaziponda mbichi kwa mwiko, tukachuja zote kwa kipande cha kitambaa kipya. Tulipomimina maji ya limau juu yake, rangi ile nzito ikachangamka mbele ya macho yetu, ikawa nyekundu ya kung'aa. Ukaonja kwa ncha ya mwiko, ukafumba macho. "Ego!" ukasema. Ndiyo yenyewe.

Baba akaingia na Biblia kwapani, shingo imekaza. Mkasalimiana vizuri, akampakata mjukuu, akaomba maombi marefu sana, wewe ukaitikia amina kabla hajamaliza, mara mbili. Nikapiga magoti nikampa glasi. Akainusa. Akaigeuza kwenye mwanga wa mlango. Halafu akaiweka mezani, akaanza kuzungumzia mvua.

Sikuthubutu hata kumtazama mume wangu.

Wewe ukainuka kwenye mkeka. "Niwie radhi mkwe, nimesahau desturi," ukasema, ukaichukua ile glasi uonje mbele yake, kama anavyofanya mwenye nyumba yeyote huku ili mgeni awe na amani. Lakini kuonja ni funda moja tu! Wewe uliimeza yote mpaka tone la mwisho. Ukafuta mdomo kwa mgongo wa mkono, ukatoa ulimi nje, zambarau tupu. "Nitazame," ukamwambia. "Nimelewa?"

Mama wa watu anamtolea mkwe wake ulimi!

"Haijachacha?" baba akauliza, kicheko kimeanza kumponyoka.

"Imekamuliwa leo leo, mkwe. Hata ikitaka kuchacha, muda itaupata wapi?"

Baba akacheka. Sijui kama uliwahi kujua, mama, kwamba baba yangu akicheka sana hakohoi wala hasemi, anapigapiga goti tu. Alilipiga goti lile mpaka mtoto akashtuka. Ukamjazia glasi, akanywa nusu, akatulia, akasema "Haleluya," akamalizia. Kisha akanyoosha mkono aongezewe. Mimi nilikimbilia jikoni nikarukaruka peke yangu kama mwehu, na kuku wakatawanyika.

Tangu hapo kila msimu wa forosadi alipiga simu. Hakuuliza hali yangu wala ya mume wangu, aliuliza kama zimeiva. Mkawa mnakaa hapo uani mnabishana juu ya sukari, yeye akitaka nyingi na wewe ukimwambia atang'oka meno. Nilikuwa nasikiliza tu nikiwa ndani, mama, na nilikuwa na furaha mpaka nikaogopa.

Kuna jambo hukuliona, na ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu. Siku tulipokuzika, baba alifika mapema kuliko hata watu wa Kanazi. Akaenda moja kwa moja kukaa na ndugu zako. Jirani mmoja aliyekuwa akiwapanga watu akamfuata kwa heshima, akamwambia, "Mzee, wakwe wanakaa upande ule."

Baba hakunyanyuka. "Mkwe wa hapa ni binti yangu," akasema. "Mimi nimefiwa na dada."

Pumzika, mama. Nakupenda, na sikuchoka kuwa mtoto wako.

Mkweo,
mke wa mwanao